Abrahamu, Baba wa Wenye Imani

Jina la Abrahamu hutajwa kila siku katika Kanisa. Limo katika wimbo wa Zakaria unaosaliwa asubuhi, na katika wimbo wa Bikira Maria unaosaliwa jioni. Limo katika Kanuni ya Kiroma ya Misa Takatifu, na katika mstari wa kwanza wa Injili ya Mtakatifu Mateo. Hata hivyo mkatekumeni aweza kustaajabu. Mzee huyo aliishi katika nchi ya mbali, karne nyingi kabla ya Musa. Mungu alimwahidi nchi ya Kanaani, na wazao wengi wa damu yake. Basi ahadi hizo zinamhusuje mtu wa kabila jingine, asiye na babu hata mmoja katika ukoo ule? Maisha ya Abrahamu yenyewe yanafungua njia ya kulijibu ulizo hilo.

KUITWA KWAKE

Hapo kwanza jina lake lilikuwa Abramu. Baba yake, Tera, alikaa Uru, mji wa Wakaldayo, katika nchi iitwayo leo Iraki. Watu wa Uru waliabudu miungu mingi, na mkubwa wa mji wao alikuwa mungu wa mwezi. Walimjengea mnara wa matofali, na mabaki yake yanaonekana hata leo. Maandiko Matakatifu hayafichi kwamba Tera naye alitumikia miungu mingine. Basi baba wa wenye imani alitoka katika nyumba ya wapagani.

Tera aliondoka Uru pamoja na Abramu, na Sarai mke wa Abramu, na Loti mjukuu wake. Wakafika Harani, mji ulio leo katika nchi ya Uturuki, wakakaa huko. Mungu akamwita Abramu. Alimwagiza aiache nchi yake, na jamaa zake, na nyumba ya baba yake, aende mpaka nchi atakayoonyeshwa. Naye Mungu atamfanya kuwa taifa kubwa na kumbariki, na ndani yake jamaa zote za dunia zitapata baraka.

Agizo hilo lilikuwa zito. Siku zile nguvu ya mtu ilikuwa ndugu zake. Ndio waliomtetea alipoonewa, ndio waliomtunza alipougua, ndio waliomzika alipokufa. Abramu alikuwa na miaka 75, na Sarai alikuwa tasa. Mtu asiye na mtoto aliamriwa kuwaacha ndugu zake pia, asipewe kitu cha kushika ila neno la Mungu. Naye alitii, akaondoka asijue anakokwenda.

NCHI YA AHADI, NCHI YA NJAA

Alipofika Kanaani, karibu na Shekemu, Mungu alimwahidi kwamba wazao wake watapewa nchi ile. Abramu akajenga altare. Lakini nchi ilikuwa na wenyewe, maana Wakanaani walikaa ndani yake. Tena njaa kali iliingia, hata Abramu akashuka Misri kutafuta chakula. Huko aliogopa kuuawa kwa ajili ya mke wake aliyekuwa mzuri wa sura, akamfanya aitwe dada yake. Farao akamchukua Sarai nyumbani mwake, na ni Mungu aliyemwokoa. Maandiko hayalifuniki kosa hilo. Mungu hakumchagua Abramu kwa sababu hakuwa na udhaifu. Alimchagua bure, kisha akamfundisha njiani.

Waliporudi Kanaani, wachungaji wa Abramu na wa Loti waligombania malisho. Abramu alikuwa mkubwa, angeweza kujichagulia sehemu iliyo bora. Badala yake alimwachia Loti achague kwanza, naye Loti akachukua bonde la Yordani lenye maji mengi. Baadaye wafalme walimteka Loti na mali yake yote. Abramu akawakusanya watu wake 318, akawafuata wafalme usiku, akamrudisha Loti. Katika kurudi kwake alilakiwa na Melkisedeki, mfalme wa Salemu na kuhani wa Mungu, aliyeleta mkate na divai na kumbariki. Kanisa huona katika mkate na divai ile mfano wa Ekaristi Takatifu.

AGANO LA USIKU

Miaka ikapita, na hema ya Abramu haikusikia bado kilio cha mtoto. Akamlalamikia Mungu kwamba mtumishi wake ndiye atakayemrithi. Mungu akamtoa nje usiku, akamwamuru azihesabu nyota kama aweza, akamwahidi kwamba wazao wake watakuwa wengi hivyo. Abramu akaamini, na Mungu akamhesabia imani hiyo kuwa haki. Neno hilo lafaa kushikwa sana, kwa maana Mtakatifu Paulo atalirudia.

Kisha Mungu alifunga agano naye kwa desturi ya siku zile. Watu wawili waliopatana walipasua wanyama vipande viwili, wakapita katikati ya vipande. Maana yake ilikuwa hii: atakayevunja agano na apatwe na yaliyowapata wanyama wale. Wazee wa makabila mengi ya Afrika nao walichanjana damu ili wawe ndugu, na kila mmoja alijifunga kwa mwenziwe. Lakini usiku ule Abramu hakupita katikati ya vipande. Usingizi mzito ulimshika, na moto tu ulipita, alama ya Mungu mwenyewe. Hivyo Mungu alijifunga kwa nafsi yake. Kutimia kwa ahadi kulitegemea uaminifu wake, si nguvu za mzee yule.

HARAKA YA WANADAMU

Sarai alichoka kungoja. Akampa Abramu mjakazi wake, Hagari Mmisri, ili apate mtoto kwake kwa desturi ya nchi. Abramu alikuwa na miaka 86 Ismaeli alipozaliwa. Lakini amani ikatoka katika hema. Hagari alipoona amechukua mimba alimdharau bibi yake, bibi yake akamtesa, naye akakimbilia jangwani. Huko malaika alimkuta penye chemchemi ya maji, akamrudisha.

Walitaka kumsaidia Mungu kwa njia yao wenyewe, na machozi yaliyotoka humo yalimwangukia hasa mwanamke asiyekuwa na mtetezi. Lakini Mungu hakumtupa Hagari wala mwanawe. Baadaye walipofukuzwa, na maji yakawaishia jangwani, alisikia sauti ya mtoto, akamwonyesha mama kisima. Akaahidi kumfanya Ismaeli naye kuwa taifa kubwa.

MWANA WA AHADI

Abramu alipokuwa na miaka 99, Mungu alimpa jina jipya, Abrahamu, kwa kuwa atakuwa baba wa mataifa mengi. Sarai naye akaitwa Sara. Mungu akawapa tohara kuwa alama ya agano. Kisha wageni watatu walifika hemani penye mialoni ya Mamre, wakati wa jua kali. Abrahamu aliwapiga mbio, akainama, akawaandalia maji, mikate, maziwa na nyama ya ndama. Wakaahidi kwamba baada ya mwaka Sara atakuwa na mwana. Sara, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mlango wa hema, alicheka moyoni, kwa kuwa alikuwa mkongwe.

Mtoto alizaliwa, akaitwa Isaka, na jina hilo latokana na neno la kucheka. Baba alikuwa na miaka 100, mama 90. Tangu kuitwa Harani ilikuwa imepita miaka 25.

Kisha Mungu alimjaribu Abrahamu, akamwagiza amtoe Isaka sadaka juu ya mlima wa nchi ya Moria. Hapakuwa na jaribu kubwa kuliko hilo, kwa sababu ahadi yote ilikuwa katika kijana huyo mmoja. Isaka alizichukua kuni mabegani mwake. Alipomwuliza baba yake mwana-kondoo yuko wapi, Abrahamu alimjibu kwamba Mungu atajipatia mwenyewe. Kisu kilikuwa kimekwisha inuliwa malaika alipomzuia, na kondoo dume aliyenaswa kichakani akatolewa mahali pa kijana. Hivyo Mungu alionyesha kwamba hataki damu ya watoto wa watu. Wakristo humwona Isaka akipanda na kuni kama mfano wa Yezu aliyeuchukua msalaba wake. Lakini juu ya mlima wa Kalvario Mungu hakujizuilia Mwana wake mwenyewe.

KABURI LA HEBRONI

Sara alifariki akiwa na miaka 127. Abrahamu hakuwa na hata mahali pa kumzika. Akasimama mbele ya Wahiti wa Hebroni kama mgeni, akanunua pango la Makpela kwa Efroni kwa shekeli 400 za fedha. Yeye naye alifariki mwenye miaka 175, na Isaka na Ismaeli, wana wawili waliokuwa wametengana, wakamzika pamoja katika pango lile.

Ahadi za Mungu zilikuwa tatu: nchi, wazao, na baraka kwa mataifa yote. Kwa macho yake Abrahamu aliona nini? Mwana mmoja wa ahadi, na shamba moja lenye kaburi. Mtu wa juujuu angesema amedanganywa. Lakini Barua kwa Waebrania yafundisha kwamba aliona ahadi kutoka mbali, akazisalimu, akakaa katika mahema kwa sababu aliungoja mji ambao mjenzi wake ni Mungu.

JINSI WAKRISTO WANAVYOZIFAHAMU AHADI

Mtakatifu Agustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, aliyezaliwa mwaka 354, alizieleza ahadi hizo katika kitabu cha 16 cha Mji wa Mungu. Aliona kwamba Mungu alimwahidi Abrahamu mambo mawili. La kwanza lahusu wazao wa mwili wake, watakaoimiliki Kanaani. Hilo lilitimia, maana Mungu aliwatoa Waisraeli Misri kwa mkono wa Musa na kuwaingiza Kanaani kwa mkono wa Yosua. La pili, lililo bora zaidi, lahusu mataifa yote yatakayofuata nyayo za imani yake. Kwa hilo Abrahamu si baba wa taifa moja tu.

Kabla yake Mtakatifu Paulo alikuwa amekwisha onyesha msingi wa fundisho hilo. Abrahamu alihesabiwa haki lini, kabla ya kutahiriwa au baadaye? Kabla yake. Basi aweza kuwa baba wa wote wanaoamini, waliotahiriwa na wasiotahiriwa. Sheria ya Musa ilikuja miaka 430 baada ya ahadi, wala haikuweza kuitangua. Mzao ambaye ndani yake baraka inafika kwa wote ni Yezu Kristu. Anayeunganishwa na Kristu kwa imani na Ubatizo amekuwa mzao wa Abrahamu, na mrithi pamoja naye. Ndiyo sababu yapata mwaka 49 Mitume walikutana Yerusalemu, wakakata shauri kwamba watu wa mataifa wasilazimishwe kutahiriwa ili wawe Wakristo. Nchi ya urithi wanayoingoja ni uzima wa milele.

Lakini mtu asidhani kwamba Mungu amewatupa Wayahudi. Paulo huyo huyo aliwafundisha Waroma kwamba Mungu hajuti kwa vipaji vyake wala kwa mwito wake. Wakristo wa mataifa ni kama tawi la mzeituni wa porini lililopandikizwa penye shina la zamani. Tawi haliwezi kujivuna juu ya shina linalolilisha. Mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano wa Pili uliyatangaza hayo tena, ukakataza kuwahesabu Wayahudi kama watu waliolaaniwa. Mtaguso ulitaja pia kwa heshima Waislamu, wanaopenda kuifuata imani ya Abrahamu, wanayemwita Ibrahimu.

ABRAHAMU NA WAKATEKUMENI

Mkatekumeni aliyeacha desturi za kipagani huenda akaambiwa na jamaa zake kwamba amewakana wazee wake, na kwamba amebaki bila ukoo. Abrahamu aliipita njia hiyo kabla yake. Aliacha miungu ya baba yake, lakini hakuacha upendo wala heshima, kwa maana alimwokoa Loti, akamzika mke wake kwa adabu. Naye hakubaki bila ukoo. Aliingizwa katika jamaa kubwa kuliko ile aliyoiacha.

Huenda tena mkatekumeni akaona miaka ya mafundisho ni mirefu. Na amkumbuke mzee aliyengoja miaka 25, na haraka iliyoleta machozi hemani mwake. Huenda mume na mke waliokosa mtoto wakachekwa kijijini, au wakashauriwa kufuata njia zisizo za Mungu. Nao wasidhani kwamba Mungu amewasahau. Kwa wengine hajibu kama alivyomjibu Sara, lakini agano lake halimwachi mtu ye yote anayemwamini.

Katika Kesha la Pasaka habari ya Abrahamu na Isaka husomwa mbele ya waamini, na baada ya somo padri humwomba Mungu, aliyemwapia Abrahamu kumfanya baba wa mataifa yote, na anayeitimiza ahadi hiyo kwa fumbo la Pasaka. Kisha maji hubarikiwa, na wakatekumeni hubatizwa. Usiku huo, mbele ya macho ya kijiji chote, Abrahamu hupata watoto wengine, na nyota alizoshindwa kuzihesabu huongezeka. Basi kila mkatekumeni na ajitayarishe vema kwa siku hiyo, adumu katika sala na mafundisho, na amtumaini Mungu ambaye neno lake halirudi bure.