Adolphe Sax, Baba wa Saksafoni

Katika jubilii hii tunawakumbuka wengi waliotufundisha kuimba. Tumeona vyema tutenge ukurasa mmoja kwa mtu ambaye hakuwahi kufika kwetu, ila chombo alichokibuni tunakisikia kila kinapoandamana na sauti ya pili: saksafoni ya alto.

Antoine-Joseph Sax, aliyejulikana maisha yake yote kama Adolphe, alizaliwa tarehe 6 Novemba 1814 mjini Dinant, kando ya mto Meuse, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Alikuwa mzaliwa wa kwanza kati ya watoto kumi na mmoja. Baba yake, Charles-Joseph, alikuwa fundi wa ala za muziki, na mtoto alikulia kwenye karakana. Utoto wenyewe ulikuwa wa kunusurika tu. Inasimuliwa kwamba alianguka kutoka ghorofani akagonga kichwa kwenye jiwe, akameza pini, akanywa maji yenye asidi, akaunguzwa na baruti, na siku moja akaopolewa mtoni akiwa karibu kufa. Majirani wakamwita mzuka.

Lakini aliishi. Mjini Brussels alisomea filimbi na klarineti, na mwaka 1838 akapata hataza ya klarineti ya besi aliyoiboresha. Katika maonyesho ya mwaka 1841 alinyimwa medali ya dhahabu kwa sababu eti alikuwa kijana mno. Akaikataa zawadi ndogo aliyopewa badala yake, na mwaka uliofuata akahamia Paris. Huko mtunzi mashuhuri Hector Berlioz alimsifu gazetini, na Februari 1844 akaongoza wimbo wake mtakatifu uliopangwa upya kwa ajili ya ala za Sax. Sax mwenyewe alipuliza saksafoni, miaka miwili kabla haijapata hataza. Kwa hiyo wale wanaonung'unika kwamba hiki ni chombo cha dansi na vilabu wajue kwamba mara moja ya kwanza kabisa kusikika mbele ya watu kilikuwa kwenye wimbo wa kumsifu Mungu.

Sax alitaka nini? Alitaka chombo chenye nguvu ya tarumbeta na wepesi wa klarineti. Alichukua bomba la shaba linalopanuka kama pembe, akalitia mdomo wenye ulimi mwembamba wa tete. Ulimi huo ndio unaotoa sauti, na ndiyo maana wataalamu huihesabu saksafoni pamoja na klarineti, ingawa wengi wetu tumezoea kuiita tarumbeta. Tena hakutengeneza saksafoni moja. Hataza ya mwaka 1846 ilikuwa ya ukoo mzima, kutoka ndogo yenye sauti kali hadi kubwa ya besi, na majina yake tunayajua vizuri sisi tunaosimama kwa safu: soprano, alto, tenor, baritoni. Alibuni kwaya.

Alto hufungwa katika E-flat. Mpigaji akisoma C, sikio husikia E-flat. Basi kinanda kikiwa kwenye ufunguo wa C, mwenye alto lazima apige A. Mwimbaji anayeona mpiga saksafoni akikuna kichwa pale mwalimu anapobadilisha ufunguo ghafla na amhurumie.

Mwaka 1845 Sax alishindana hadharani na bendi ya mtindo wa zamani katika uwanja wa Champ-de-Mars. Bendi yake ilishinda ingawa ilikuwa na wapigaji wachache, na jeshi la Ufaransa likazikubali ala zake. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mafundi wengine wa Paris waliona riziki yao inakwenda, wakaungana na kumshtaki, wakidai kwamba hataza zake hazikustahili. Kesi ziliendelea miaka na miaka. Nyingi alizishinda, lakini gharama zilimla. Alifilisika mwaka 1852, akafilisika tena 1873, na mara ya tatu 1877. Katikati ya hayo, mwaka 1853, uvimbe wa saratani ulimtokea mdomoni, mahali ambapo mpuliza ala hawezi kupaficha wala kupapumzisha. Aliugua miaka kadhaa, na kufikia mwaka 1859 alikuwa amepona, baada ya kutibiwa na mganga wa mitishamba.

Tukiulizwa ni kazi gani aliyoipenda kuliko zote, tungesema kufundisha. Kuanzia 1857 alifundisha saksafoni katika chuo cha muziki cha Paris, wanafunzi wake wengi wakiwa wapigaji wa bendi za jeshi. Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, darasa lilifungwa. Wakati huo hataza yake ilikuwa imekwisha muda, na kila fundi aliruhusiwa kutengeneza saksafoni bila kumlipa chochote.

Alifariki Paris tarehe 7 Februari 1894, akiwa maskini, na akazikwa katika makaburi ya Montmartre. Darasa lake la saksafoni lilifunguliwa tena mwaka 1942.