Moses Kunitz

Moses Kunitz (1887 – 1978) alikuwa mwanabiokemia wa Marekani, mzaliwa wa Slonim katika Dola la Urusi (leo nchini Belarus). Anajulikana kwa kusafisha vimeng'enya vingi hadi kupata fuwele zake, kikiwemo pirofosfatasi, kimeng'enya kinachovunja pirofosfeti.

Maisha

Alihamia Marekani mwaka 1909, akasoma kemia katika Cooper Union, New York. Mwaka 1913 akawa msaidizi wa Jacques Loeb katika Taasisi ya Rockefeller, alikofanya kazi hadi uzeeni. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1924. Loeb alifariki mwaka huohuo, na Kunitz akaendelea na utafiti pamoja na John Northrop, baadaye huko Princeton.

Vimeng'enya

Wakati huo wataalamu walibishana kuhusu asili ya vimeng'enya. Mkemia mashuhuri wa Ujerumani, Richard Willstätter, alishikilia kwamba si protini. James Sumner alipata fuwele za ureasi mwaka 1926, na Northrop za pepsini mwaka 1930. Zote zilionekana kuwa protini. Kunitz na Northrop waliongeza tripsini na kimotripsini kutoka kongosho la ng'ombe, na ubishi ukaisha. Northrop na Sumner walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1946 pamoja na Wendell Stanley, Kunitz hakuwemo.

Mwaka 1940 alipata fuwele za ribonukleasi. Utafiti wa wengine juu ya kimeng'enya hicho ulituzwa Nobel mwaka 1972. Katika soya alitenga protini inayozuia tripsini kusaga chakula. Joto huiharibu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupika soya vizuri.

Pirofosfatasi

Mwaka 1952 alitangaza fuwele za pirofosfatasi kutoka hamira ya mikate. Kikisaidiwa na magnesi, kimeng'enya hiki hutumia maji kuvunja pirofosfeti moja kuwa fosfeti mbili.

Seli inapojenga DNA, au inapoandaa asidi amino za kutengenezea protini, hubaki pirofosfeti. Ikijaa, mmenyuko huweza kurudi nyuma na ujenzi ukakwama. Pirofosfatasi huiondoa, na kazi husonga mbele. Bakteria Escherichia coli ikikosa kimeng'enya hiki haiwezi kukua.

Kumbukumbu

Jina lake limebaki katika "kikoa cha Kunitz", umbo la sehemu ya protini linalopatikana katika baadhi ya vizuizi vya tripsini.