David Sheldrick, mlezi wa ndovu yatima wa Tsavo

Kila siku saa tano asubuhi, wageni hukusanyika ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, upande wa Lang'ata, kutazama ndovu wachanga wakinyonya maziwa kwa chupa. Wengi hawajui kwamba makao hayo ni ukumbusho wa mtu aliyefanya kazi yake hapa jirani yetu, Voi.

David Sheldrick alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1919, akaletwa Kenya angali mdogo. Katika Vita vya Pili vya Dunia alipigana Uhabeshi na Burma, akafikia cheo cha meja. Mbuga ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948, alikabidhiwa upande wa mashariki, nyika kame isiyo na barabara.

Miaka ya 1950 aliongoza msako mkali dhidi ya biashara ya pembe. Waliofungwa wengi walikuwa Wawaata, mafundi wa upinde na mishale ya sumu. Tusilifiche hilo: Wawaata waliwinda nyika ile kabla mbuga haijawekewa mipaka, na faida ya pembe iliingia mifukoni mwa matajiri, si mwao.

Ndovu wakiuawa, watoto hubaki. Sheldrick aliwachukua nyumbani; miongoni mwa wa mwanzo walikuwa Samson na Fatuma. Waliokwisha kuacha ziwa walipona. Wachanga walikufa, kwani maziwa ya ng'ombe hayakuwafaa. Mkewe Daphne, aliyemwoa mwaka 1960, alihangaika miaka mingi mpaka akagundua kuwa maziwa ya unga yenye mafuta ya nazi, nazi hii hii tunayoikuna, ndiyo yanayowakubali.

Mwaka 1974 Aisha, ndovu mchanga, alinawiri kwa maziwa hayo. Daphne akasafiri kwenda harusini kwa bintiye. Aisha akagoma kula, akafa kwa huzuni. Somo lilikuwa chungu: mtoto asimzoee mtu mmoja tu. Ndiyo maana leo walezi hulala na yatima kwa zamu.

Mwaka 1976 Sheldrick alihamishiwa Nairobi. Juni 1977 akafariki kwa ugonjwa wa moyo, umri miaka 57. Mwaka huohuo wakfu uliundwa kwa jina lake, na Daphne akaendelea na ulezi hadi alipofariki mwaka 2018.

Yatima wa Nairobi wakipata nguvu hurudishwa Tsavo. Kwa hiyo ukipita Voi ukaona kundi lililojipaka udongo mwekundu, huenda yumo aliyelelewa kwa chupa.