Mchungaji Aliyepoteza Sauti: Habari za Andrew Murray



Jumapili iliyopita mama mmoja alitufuata mlangoni baada ya ibada. Aliuliza kwa nini, tukifika kwenye maombi ya wagonjwa, wanaosimama kuomba ni walewale kila wiki, na sisi wengine tunaitikia Amina tu. Hatukuwa na jibu zuri. Tumeona tumjibu kwa habari za mtu wa nchi hii hii tunayoishi. Wengi wenu mna kitabu chake nyumbani, ila maisha yake hatujawahi kuyasimulia hapa.

Andrew Murray alizaliwa tarehe 9 Mei 1828 huko Graaff-Reinet. Baba yake alikuwa mchungaji kutoka Uskoti aliyekuja kulitumikia kanisa la Kiholanzi, na kila Ijumaa jioni alijifungia kuombea uamsho. Andrew na kaka yake John walipelekwa kusoma Aberdeen wakiwa bado watoto, kisha Utrecht huko Uholanzi. Akawekewa mikono siku aliyotimiza miaka 20. Wazazi walioacha watoto kwa bibi Bukavu au Kigoma wanajua miaka kama ile inavyokuwa.

Aliporudi alipewa Bloemfontein, na pamoja nayo wakulima wote waliotawanyika hadi ng'ambo ya mto Vaal. Johannesburg haikuwepo, mji huu ulianza mwaka 1886, dhahabu ilipopatikana. Kijana huyo alizunguka huku juu kwa farasi na kwa gari la ng'ombe, akibatiza watoto na kuhubiri kwenye mahema. Safari hizo zilimdhoofisha mwili.

Mwaka 1857 sinodi ya kanisa lake ilikubali kwamba, kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya watu, waumini weusi wangeweza kuabudu mahali pao peke yao. Udhaifu uliosemwa ni wa Wazungu wasiotaka kushiriki meza moja nao. Aliyeleta hoja ile ni baba yake Andrew, yule yule mzee wa maombi ya Ijumaa. Tunaandika jambo hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hilo hamtaelewa uzito wa yaliyotokea Worcester.

Andrew alihamia Worcester mwaka 1860. Jumapili moja jioni vijana kama 60 walikusanyika katika ukumbi mdogo, wakiongozwa na kijana aliyeitwa J. C. de Vries. Wawili watatu walikuwa wamekwisha kuomba. Ndipo akasimama nyuma msichana Mfengu wa miaka kama 15, mfanyakazi wa mkulima mmoja wa kule Hex River, akauliza kama na yeye anaruhusiwa kuchagua wimbo na kuomba. De Vries alisita. Mwenyewe alikuja kusimulia baadaye jinsi alivyosita, akifikiria wenzake watasemaje, kisha akamruhusu. Msichana alipokuwa akiomba walisikia sauti kama ngurumo kutoka mbali, ikakaribia, na mara ukumbi mzima wakaanza kuomba kwa pamoja, kila mtu kwa sauti yake.

Murray alikuwa akihubiri kwingine. Mzee mmoja wa kanisa alipita pale, akaona, akakimbia kumwita. Mchungaji akaingia, akatembea katikati yao akiwaamuru wanyamaze. Akajitambulisha kuwa ndiye mchungaji wao aliyetumwa na Mungu. Hakuna aliyemsikiliza. Akaanzisha wimbo, hakuna aliyeitikia. Akatoka nje akisema kwamba Mungu ni Mungu wa utaratibu. Siku chache baadaye alijaribu tena kuwatuliza watu, mpaka mgeni mmoja aliyetoka Marekani akamwonya awe mwangalifu, kwa maana kule Marekani alikuwa ameona mambo kama haya na aliitambua kazi ya Roho. Basi Murray akaacha. Uamsho ukaenea mashambani na miji ya jirani, na hadi leo makanisa yale yana desturi ya siku kumi za maombi kati ya Kupaa na Pentekoste iliyotokana na wakati ule.

Baba yake alikuwa ameomba uamsho miaka mingi. Ulipofika, ulianzia kwa msichana ambaye hoja ya mzee ingeweza kumweka katika ibada ya peke yake. Jina lake halikuandikwa. La de Vries tunalo, la Murray tunalo, hata la mzee aliyekimbia kuita lipo. Sisi ambao wengi wetu tunasafisha nyumba za watu Sandton na kulinda mageti usiku, tumelifikiria jambo hilo sana.

Kazi zake za miaka iliyofuata ni nyingi, tunazipita haraka. Cape Town, kisha Wellington kuanzia mwaka 1871, ambako alianzisha shule ya wasichana na chuo cha kuandaa wamisionari. Vitabu na vijitabu vyake vinapita 200.

Mwaka 1879 koo likamshika. Sauti ilikatika, na kwa karibu miaka miwili hakuweza kuhubiri kama zamani. Sisi wauguzi tunawaona walimu na wahubiri wa namna hii kliniki: hawaumwi kitanda, wanatembea, wanakula, lakini kile wanachoishi kwacho kimeondoka. Yeye aliyewahi kuwanyamazisha waombaji sasa alikuwa kimya.

Mwaka 1882 alikwenda London, katika nyumba ya maombi iliyoitwa Bethshan, ya William Boardman. Alikaa kama wiki tatu. Hakuwa mchungaji pale. Alikuwa mgonjwa mmoja kati ya wagonjwa, akisikiliza shuhuda za watu wa kawaida na kuombewa nao. Sauti ikarudi, na ugonjwa ule wa koo haukumsumbua tena. Mwaka 1895 alihubiri mikutano mikubwa Uingereza na Marekani.

Alipoandika kitabu juu ya uponyaji, aliuweka uponyaji wa imani juu ya dawa, na hapo hatumfuati. Mwanafunzi wake mmoja, Pieter le Roux, mmisionari wa Wakkerstroom, alilichukua fundisho hilo mbele zaidi, akaacha kanisa lake mwaka 1903. Baadaye alikuwa kiongozi wa Apostolic Faith Mission hapa Johannesburg, kanisa lililoanzia Doornfontein na barabara ya Bree, ambayo leo ni Lilian Ngoyi. Wale ndugu wa Kizayuni mnaowaona Jumapili wakiomba uwanjani na kanzu zao, wengi mizizi yao inapita kwa huyu le Roux. Tunawaheshimu. Lakini wodini tumempokea zaidi ya mmoja aliyeacha vidonge vya kifua kikuu kwa sababu aliombewa, na ugonjwa ukarudi ukiwa sugu. Kuombewa si sababu ya kutupa ARV, wala insulini, wala dawa ya presha.

Murray mwenyewe hakuponywa kila kitu. Gari lilimpindukia safarini akaumia, na uzeeni alichechemea. Miaka ya mwisho alihubiri akiwa ameketi. Hakusema imani imepungua, wala hakuacha kuwaombea wengine. Alifariki Wellington tarehe 18 Januari 1917, akiwa na miaka 88.

Mama aliyetuuliza, jibu letu ni kwamba kosa ni letu sisi tunaoongoza. Tumekuwa kama de Vries kabla hajaruhusu. Kuanzia Ijumaa hii maombi ya wagonjwa yataanzia viti vya nyuma: akina mama, vijana, walinzi wanaokuja na sare zao. Kiswahili cha Goma, cha Dar au cha Mombasa, Kilingala, Kirundi, vyote vinakubalika, na anayetaka kuomba sentensi moja aombe moja. Tunaanza saa moja jioni. Anayetumia dawa aje nazo mkobani. Saa ya kumeza ikifika katikati ya maombi, maji yapo mezani karibu na mlango.