MUNGANGA WA NG'AMBO: ADRIEN ATIMAN



Sisi wa Kalemie tunazoea kutazama ziwa kila siku. Ng'ambo, kwa kusini kidogo, kunako Karema, katika inchi ya Tanzania. Kule njo alikofanya kazi munganga Atiman.

Alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, katika inchi inayoitwa leo Mali. Angali mtoto, watu walimwiba wakamuuza utumwani. Walimvusha jangwa la Sahara mpaka Algeria, na kule Mapadri Weupe walimkomboa kwa feza.

Mwaka 1881 alipelekwa Malta pamoja na vijana wengine waliokombolewa. Wakasoma uganga katika chuo kikuu: ginsi mwili wa mtu unavyojengwa, magonjwa yake, na dawa zake. Alimaliza mwaka 1888. Mwaka uliofuata akafika Karema, kisha safari ndefu ya miguu toka pwani.

Tufikiri kidogo. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa ingali kali hapa ziwani. Hata mji wetu ulianzishwa mwaka 1891 na Kapiteni Jacques katika vita vya kupigana nayo. Basi, kijana aliyeuzwa kama mbuzi alikubali kwenda pahali watu walikuwa wanauzwa bado. Aliyajua maumivu yao, sababu yalikuwa yake pia.

Kule alimwoa Agnes Wansahira, na mtoto wao Joseph akawa padri. Atiman mwenyewe alitibu wagonjwa na kufundisha dini. Mwaka 1946 habari ya maisha yake, aliyoieleza mwenyewe, ilichapwa katika gazeti la wataalamu la Tanganyika. Alikufa tarehe 24 Aprili 1956, kisha miaka 67 ya kazi pahali pale pale.

Kanisa lake si letu, lakini kidonda hakiulizi dini. Wengi kati yetu tunataka diploma ili tuhame, tuende Lubumbashi ama Kinshasa. Atiman alikuwa na elimu ya Malta, naye akakaa Karema paka kufa. Kesho tukimaliza masomo, nani kati yetu atakubali kutumwa Nyunzu ama Manono, na kubaki kule?