Muhammad bin Musa al-Khwarizmi na Utaratibu wa Hisabu

Wako watu katika miji yetu wadhanio ya kuwa hisabu ni elimu ya skuli na maduka tu, haina uhusiano na dini ya mtu. Twapenda kuwaeleza ndugu zetu maisha ya mwanachuoni aliyeibatilisha dhana hiyo kwa kazi yake, naye ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa yapata mwaka 780, na nisba yake yarejea Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral. Kazi yake aliifanya Baghdad, katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 mpaka 833. Huko ilikuwako Baitul Hikma, ambako maulamaa walifasiri elimu za Wayunani na Wahindi kwa Kiarabu, naye alikuwa mmoja wa watu wake. Alitunga majedwali ya mwendo wa nyota, na kitabu cha kufundisha tarakimu za Kihindi pamoja na sifuri, ambazo ndizo asili ya hizi tuandikazo leo.

Lakini kitabu chake kilichoenea zaidi ni kile cha al-jabr na al-muqabala, alichokitunga kwa kuhimizwa na Khalifa huyo. Kusudi lake alilitaja mwanzoni: kuwarahisishia watu hisabu za mirathi, wasia, kugawana mali, kesi, biashara na kupima ardhi. Karibu nusu ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi. Waarabu huiita sehemu ya kitu kizima kasri, yaani kilichovunjika. Na jabr katika lugha ni kuunga kilichovunjika.

Wakati ule hapakuwa na alama za kujumlisha wala mabano. Yote aliyaandika kwa maneno, akabainisha lipi litangulie na lipi lifuate. Tazama suala lake moja. Mtu amekufa, ameacha wana wawili, dirhamu 10 taslimu, na dirhamu 10 nyingine anazomdai mmoja wa wanawe. Naye ameusia thuluthi ya mali kwa mtu asiyekuwa mrithi. Al-Khwarizmi alikiita kitu kile kiasi cha deni kitakachohesabiwa kuwa hisa ya mwana mwenye kudaiwa. Basi mali ni 10 na kitu. Kwanza akatoa thuluthi ya yote. Ndipo akagawa kilichobaki kwa wana wawili, kila mmoja akapata 3 na thuluthi, na thuluthi ya kitu. Na hisa hiyo ndiyo kitu chenyewe. Akaondoa thuluthi ya kitu pande zote mbili, zikabaki thuluthi mbili za kitu kuwa sawa na 3 na thuluthi. Kwa hivyo kitu ni 5. Zile 10 taslimu hugawanywa baina ya mwenye wasia na mwana wa pili, 5 kwa 5. Na mwana mwenye deni hisa yake ni 5 alizonazo tayari.

Utaratibu huu twauhitaji hata leo majumbani mwetu. Tuseme mtu amefariki, na baada ya gharama za maziko zimebaki shilingi 300,000. Ana deni la 60,000, ameusia thuluthi kwa msikiti, na ameacha mke na watoto. Aya ya mirathi imeutaja wasia kabla ya deni, lakini maulamaa wamekubaliana ya kuwa deni hulipwa kwanza. Basi toa 60,000, zabaki 240,000. Toa thuluthi, 80,000, zabaki 160,000. Thumuni ya mke ni 20,000, na watoto wapata 140,000.

Sasa mwenye haraka aanze na thuluthi ya 300,000. Msikiti utapewa 100,000. Akilipa deni zitabaki 140,000. Mke atapata 17,500 na watoto 122,500. Tarakimu ni zile zile na sehemu ni zile zile, lakini mjane amepunguziwa 2,500 na mayatima 17,500, na hakuna aliyekusudia kudhulumu. Hii ndiyo maana ya kanuni wafundishwayo watoto skulini: kilichomo ndani ya mabano hutangulia, kisha kuzidisha na kugawa, kisha kujumlisha na kutoa. Deni ndilo lililomo ndani ya mabano.

Al-Khwarizmi alifariki yapata mwaka 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu chake cha al-jabr kwa Kilatini, na kutokana na jina la kitabu hicho Wazungu wakapata neno aljebra. Jina lake mwenyewe nalo likawa algorithimu, yaani utaratibu wa hatua zinazofuatana, ambao ndio msingi wa mashine za kompyuta.

Enyi ndugu zetu, haki ya yatima yaweza kupotea pasipo mwivi, kwa kalamu iliyotanguliza la nyuma. Basi yatupasa tuwafundishe vijana wetu hisabu kama tuwafundishavyo fiqhi, na tusimkabidhi mirathi mtu asiyejua lipi latangulia. Mwenyezi Mungu atuongoze katika uadilifu. Amin.