Haruni: Kutoka ndama wa dhahabu hadi chetezo cha upatanisho



Wapo watu katika Biblia tunaowajua kupitia ndugu zao, na Haruni ni mmoja wao. Tukimtaja Musa, jina la Haruni hufuata nyuma. Na tukiulizwa Haruni alifanya nini, wengi wetu tutajibu haraka kwamba ndiye aliyetengeneza ndama wa dhahabu. Ni kweli, alimtengeneza. Lakini maisha yake hayakuishia hapo. Leo nakuomba tuyapitie pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, maana yana neno kwa kila aliyewahi kuanguka akiwa mahali pa kuaminiwa.

Haruni alizaliwa Misri, wakati Waisraeli wakiwa watumwa. Baba yake aliitwa Amramu na mama yake Yokebedi, wote wa kabila la Lawi. Alikuwa mkubwa kwa Musa kwa miaka 3. Mdogo wake alilelewa na binti Farao, kisha akakimbilia Midiani, wakati Haruni alibaki na watu wake chini ya mijeledi ya wanyapara. Siku Mungu alipomtuma Haruni jangwani kumlaki Musa, angeweza kwenda na kinyongo. Alikwenda na furaha moyoni, akambusu ndugu yake kwenye mlima wa Mungu. Akakubali kuwa msemaji wa mdogo wake. Wewe uliyelelewa katika ukoo wenye kaka na wadogo unajua si jambo jepesi mkubwa kutumwa na mdogo. Waliposimama mbele ya Farao, Musa alikuwa na miaka 80 na Haruni 83.

Baada ya kuvuka bahari, Waamaleki waliwashambulia Waisraeli huko Refidimu. Musa alipanda kilimani akainua mikono yake, na kila ilipolegea, adui walipata nguvu. Haruni na Huri waliishika mikono ile, mmoja upande huu na mwingine upande ule, mpaka jua likatua. Huyo ndiye Haruni wa kwanza: mwaminifu, asiyeona aibu kuwa msaidizi.

Kisha wakafika Sinai. Musa akapanda mlimani kupokea Sheria, akakaa siku 40 mchana na usiku. Huku chini aliwaachia watu Haruni na Huri. Siku zilivyozidi kupita, watu wakachoka kungoja. Wakamzunguka Haruni wakidai mungu wanayeweza kumwona, atakayewatangulia njiani. Haruni akawaambia wavue pete za dhahabu masikioni mwa wake zao na watoto wao. Akaiyeyusha dhahabu ile, akatengeneza ndama, akajenga madhabahu mbele yake, na akatangaza kwamba kesho yake ingekuwa sikukuu ya Bwana.

Mpendwa msomaji, tazama vizuri kosa hili. Hakuna mahali Biblia inaposema kwamba Haruni alikuwa amemchukia Mungu. Alitaka kuwaridhisha watu na wakati huohuo abaki na jina la Bwana kwenye tangazo la sikukuu. Uasi mwingi huanza hivyo. Mzazi anajua jambo fulani ni baya, lakini analiruhusu ili nyumba itulie. Kiongozi wa jumuiya anaona fedha za waamini zinatumika vibaya, ananyamaza ili asionekane mgomvi. Hata sisi mapadre tunaweza kuhubiri yale tu ambayo watu wanapenda kusikia. Dhahabu inaingia motoni, na juu ya ndama tunaandika jina la Mungu.

Musa aliposhuka na kumhoji, Haruni alitapatapa kama mfa maji. Akawatupia watu lawama, kisha akaeleza kwamba alitupa tu dhahabu ile motoni na ndama akatoka mwenyewe. Siku ile wapatao 3,000 waliuawa kambini. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinaongeza jambo ambalo wengi hatulikumbuki: Mungu alimkasirikia Haruni kiasi cha kutaka kumwangamiza, na Musa akamwombea. Aliyewahi kuishikilia mikono ya Musa katika maombi sasa alipona kwa maombi ya Musa.

Hapa ndipo huruma ya Mungu inapoanza kutushangaza. Kabla ya kosa lile, Mungu alikuwa amempa Musa maagizo kwamba Haruni na wanawe wawe makuhani. Baada ya kosa, maagizo yale hayakufutwa. Haruni aliogeshwa, akavikwa mavazi matakatifu, akapakwa mafuta. Siku alipoanza kazi yake madhabahuni, mnyama wa kwanza aliyeamriwa kumchinja alikuwa ndama, awe sadaka kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe. Mtu aliyejengea madhabahu ndama wa dhahabu alianza ukuhani kwa kumwaga damu ya ndama. Mungu alimsamehe bila kumficha ukweli wake. Na kila mwaka, katika Siku ya Upatanisho, kuhani mkuu alipaswa kutoa sadaka kwa ajili yake na nyumba yake kwanza, ndipo aombe kwa ajili ya watu. Nasi leo, Misa inapoanza, padre husimama mbele yenu na kuungama pamoja nanyi kabla ya kutoa sadaka altareni.

Msamaha huo haukumwondolea Haruni machozi. Wanawe wawili wakubwa, Nadabu na Abihu, walichukua vyetezo vyao wakafukiza uvumba kwa moto ambao Mungu hakuwaagiza, wakafa palepale. Maandiko yanasema Haruni alinyamaza. Yule aliyekuwa msemaji mbele ya Farao hakupata neno mbele ya maiti za wanawe. Kama umewahi kuzika mtoto, kimya kile unakijua kuliko ninavyoweza kukueleza.

Wala hakuacha kuwa mwanadamu. Wakati fulani yeye na dada yao Miriamu walimsema Musa vibaya kwa wivu. Miriamu alipopatwa na ukoma, Haruni hakurudia visingizio vya Sinai. Alikiri kwamba walikuwa wametenda upumbavu, akaomba dada yake ahurumiwe. Miriamu alitengwa nje ya kambi siku 7, kisha akarudishwa. Mzee huyu alikuwa amejifunza kusema kwamba amekosa.

Jaribu kubwa likaja na Kora. Yeye, Dathani, Abiramu na viongozi 250 waliinuka dhidi ya Musa na Haruni, wakihoji kwa nini ukuhani uwe wa Haruni. Ardhi ikawameza baadhi, na moto ukawateketeza wale 250 wakiwa na vyetezo mikononi. Kesho yake mkutano wote ukamnung'unikia Musa na Haruni kwamba ndio waliowaua watu wa Bwana. Tauni ikaanza kambini. Musa akamwambia Haruni achukue chetezo, atie moto wa madhabahu na uvumba, awaendee watu haraka.

Haruni alikuwa mzee aliyevuka miaka 80. Wanaokufa walikuwa watu waliomkataa. Na chombo alichoambiwa akishike kilikuwa chetezo, chombo walichokishika wanawe siku walipokufa. Alikichukua, akakimbia. Akasimama katikati, waliokufa upande mmoja na waliobaki hai upande wa pili, na tauni ikakoma. Walikuwa wamekufa 14,700, mbali na wale wa Kora.

Kule Sinai, kundi lilimzunguka Haruni naye akalipa lilichotaka. Safari hii alilikimbilia kundi lilelile akiwa na kile lilichohitaji. Huruma aliyopokea ndiyo iliyompa miguu ya kukimbia.

Baada ya hapo Mungu aliagiza fimbo 12 ziwekwe mbele ya sanduku la Agano, moja kwa kila kabila. Asubuhi fimbo ya Haruni ilikuwa imechipua, imechanua na kuzaa lozi. Kipande cha mti mkavu kilikuwa na uhai tena, na kikawekwa kiwe onyo kwa waasi.

Haruni hakuingia Nchi ya Ahadi. Kule Meriba, yeye na Musa hawakuuheshimu utakatifu wa Mungu mbele ya watu. Katika mwaka wa 40 wa safari, alipanda Mlima Hori pamoja na Musa na mwanawe Eleazari. Alivuliwa mavazi ya ukuhani, akavikwa mwanawe, kisha akafa akiwa na miaka 123. Waisraeli wote, ambao mara nyingi walikuwa wamemnung'unikia, walimlilia siku 30.

Karne nyingi baadaye, Elizabeti, mama wa Yohane Mbatizaji, alitoka katika uzao wa Haruni. Na Waraka kwa Waebrania unamtaja Haruni ili kutuonyesha Yesu, Kuhani Mkuu asiyehitaji sadaka kwa ajili yake mwenyewe, aliyesimama kati yetu na mauti na hakutoka hapo hadi akafa.

Mpendwa msomaji, huenda uliwahi kutoa dhahabu yako kwa ndama. Huenda tangu siku ile unakaa benchi la mwisho kanisani ukiamini kwamba huna tena kazi nyumbani mwa Mungu. Nenda kitubioni, ukaseme ukweli bila kusingizia moto. Kisha tazama pembeni yako: wapo watu wanaoangamia kwa chuki, ulevi na kukata tamaa, wengine ni walewale waliokusema vibaya. Chukua chetezo, uwakimbilie.

Nakutakia Dominika njema.